Maji ya Kasuku Kabla ya Mtihani

Wasomaji wa gazeti letu, kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya Ngungu wakati wa mvua, na herufi nyingine najua zimekaa mahali si pake. Nilisoma primeri tu, tena naandika polepole: mstari mmoja, halafu nanyanyuka kukoroga maharagwe yaliyo motoni, halafu mstari mwingine. Pia mimi ni mtu wa haya. Neno nisiloweza kulisema mbele ya watu wawili, nitalisema kwenu ninyi wengi, kwa sababu macho yenu siyaoni.

Enzi zetu. Mama akisikia nasema hivyo atacheka mpaka ashike ubavu, maana sijaolewa bado na meno yangu yote yamo kinywani. Lakini waliosoma pamoja nami watanielewa. Miaka haikupita mingi, ila mambo yamekimbia, na sisi tuliokuwa watoto vita vya Wazungu vilipokwisha tumekuwa kama wazee kabla ya wakati wetu.

Nakumbuka kwanza ukungu. Shule yetu ya wasichana, ile ya Masera, ndivyo tulivyomwita mtawa aliyetulea, ilikaa juu ya kilima, na njia ya kutoka Sake kwenda Masisi ilipita chini yake. Asubuhi hukumwona mwenzako aliye mbele yako. Ulisikia tu miguu yake kwenye majani yenye maji, na chini kule ng'ombe wakiamka. Kulinuka mikalitusi iliyonyeshewa, na samadi, na moshi wa jikoni. Tulilala kwenye vitanda vya mbao, tukijifunika blanketi za askari zilizobaki baada ya vita, na blanketi zile zikishika unyevu zilinuka kama beberu aliyelala nje. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama. Mchana tulikula viazi na maharagwe, na jioni, ili tusichoke, tulikula maharagwe na viazi.

Lakini kitu ninachokumbuka kuliko vyote ni majuma yale ya kabla ya mtihani mkubwa, ule wa kumaliza primeri. Majuma yale shule nzima iligeuka. Tulianza kutembea kwa sheria ambazo hazikuandikwa popote, na aliyezivunja alichukiwa kuliko mwizi.

Mwenye kuzilinda sheria zile alikuwa Filomena, msichana wa Mushaki, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Kwao walikuwa wakulima wa siku nyingi, na kila mwaka mbegu ya kwanza ya maharagwe iliwekwa na mkono wake, kwa sababu waliuona mkono wake ni mzuri, kila alichokipanda kinaota. Basi sisi tulimpa kalamu zetu zote azishike moja moja, azipulizie, ndipo aturudishie. Akikasirika nawe, kalamu yako aliishika ya mwisho kabisa, na usingizi wako wa juma zima ukaharibika.

Kufagia takataka kutoka bwenini kwenda nje kulikatazwa. Tulifagia kuelekea pembeni, kwa maana ukitupa takataka nje, na mambo uliyosoma yanatoka nazo. Masera alikuta kilima cha vumbi na maganda nyuma ya mlango akapiga kelele, na sisi tukatazama miguu yetu. Hatukula mayai, kwa kuwa yai ni nyumba isiyo na mlango, na kichwa cha mla mayai kinafungwa vile vile. Hatukunyoa nywele. Ukiruka miguu ya mwenzako aliyekaa, ulipaswa kuruka tena kwa kurudi, na mwenzako anakaa bila kusogea mpaka urudi.

Na kulikuwa na jambo la kujikwaa. Kwetu mguu wa kuume ukijikwaa njiani ni heri, wa kushoto ni mkosi. Basi sisi hatukungoja heri ije yenyewe. Kwenye ngazi za kanisa kulikuwa na jiwe moja jeusi la volkano, lenye meno, na kila msichana alipolipita alilipiga kwa kidole gumba cha kuume. Mtihani ulipokaribia, darasa letu zima lilitembea likichechemea upande mmoja. Mtu asiyejua angefikiri tumetoka katika ajali.

Masera alizikataza zote. Alisema, "Watoto, haya ni mambo ya giza." Lakini asubuhi ya mtihani yeye mwenyewe aliweka medali ya Bikira chini ya kitambaa cha meza, akawasha mshumaa, akatuonya tusiuzime hata kwa kukohoa. Sisi hatukuona neno la kubishana. Tulishika yake na tulishika yetu. Mwaka mmoja Filomena alitupeleka kuchovya ncha za kalamu katika maji ya baraka mlangoni mwa kanisa, na siku ile wino wetu wote ulipauka, herufi zikawa kama zimeandikwa na mtu anayeaga dunia.

Mimi sheria zile hazikunisaidia sana. Kuandika niliweza, polepole lakini niliweza. Hesabu nilizipenda. Kilichonishinda ni sehemu ya mdomo. Katika mtihani mkubwa, inspekteri wa shule alimwita kila mwanafunzi mbele ya meza, akasome kwa sauti na kujibu maulizo. Bila kupita hapo hupati cheti, hata uandike kama malaika. Na mwaka uliotangulia mimi nilisimama mbele ya meza ile na sauti yangu ikatoweka. Kitabu nilikishika, maneno niliyaona, niliyajua yote. Mdomo ulifunguka, hewa ikatoka, basi. Inspekteri alingoja, akapiga mstari wa wino, akasema, "Kaa chini."

Nilirudi nyumbani Karuba likizo ile, na habari zangu zilikuwa zimefika kabla yangu. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Rudia mwaka. Ukishindwa tena, kuna shamba." Shule nayo haikuruhusu kurudia mara ya pili. Mama alinikalisha jikoni, akafunika chungu, akaniambia neno ninalolikumbuka mpaka leo: "Mutoto wangu, maharagwe haiivi kwa kutazamana nayo. Tia moto."

Nilirudi shuleni nikiwa sijui moto huo unapatikana wapi.

Mwaka ule wa kurudia nilipangiwa kitanda karibu na Veronika. Yeye alitoka upande wa Walikale, msituni kabisa. Alifika shuleni kwa kutembea siku nyingi, na kila aliporudi kutoka likizo blanketi yake ilinuka moshi na mafuta ya mawese, na ndani yake alificha nyama ya nungu iliyokaushwa, tukaila kidogo kidogo chini ya kitanda. Sisi wa milimani tulimcheka kwa sababu aliogopa ng'ombe. Yeye alitucheka kwa sababu tuliogopa miti. Alipenda kusema kuliko kula. Hata akiwa amelala alikuwa na maneno.

Siku moja tulikuwa tunaosha nguo kwenye kijito, na Filomena alianza kunitania kama kawaida yake.

"Konso, weye kichwa yako imejaa, lakini mudomo yako iko kama mulango ya kanisa siku ya Jumatatu."

"Umuache," Veronika alisema. "Kule kwetu hiyo iko na dawa."

"Dawa gani? Ya nyani?"

"Ya kasuku. Mutoto mwenye mudomo muzito wanamunywesha maji yenye kasuku ilibakisha. Kaka yangu alikuwa bubu kabisa. Alikunywa. Sasa tunamuomba anyamaze, anakataa."

Filomena alicheka mpaka sabuni ikamtoka mkononi ikaenda na maji. Lakini nilimwona akinitazama, na baadaye, tukiwa tunaanika nguo, alimuuliza Veronika kwa sauti ndogo kama kasuku hao wanaweza kupatikana.

Walipatikana. Veronika alituma maneno kwa watu waliokuwa wanashuka kuuza chumvi, na baada ya siku nyingi baba yake akatokea kwenye ukungu. Alikuwa mwindaji, mtu mfupi mwenye miguu yenye nguvu, rozari shingoni na kengele ya mbwa kiunoni. Mgongoni alibeba kapu la fito, na ndani ya kapu mlikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anatutazama kwa jicho moja.

"Batoto," alisema, "hii ndege iko na maneno mingi kuliko kapita mwenye kusimamia kazi. Kule kwetu inaita mbwa, inatukana mbuzi, inasalimia mupadri. Lakini musikie muzuri. Sheria iko moja. Yule mwenye atakunywa, anapashwa kusema na ndege, na ndege inapashwa kumujibu. Kama haikujibu, maji yake iko mbaya. Itafunga mudomo kabisa."

"Na kama alikunywa hivi hivi?" Filomena aliuliza.

"Alikunywa hivi hivi, njo mwisho. Hata jina lake hatasema."

Aliagana na binti yake, akasema atarudi kumchukua mwaka wa shule ukiisha, pamoja na ndege wake. Mpishi wa Masera alikuwa mtu wa huruma. Alitupa nafasi katika chumba cha kuni nyuma ya jiko, ukuta ukiwa na joto, kwa sharti tusimwambie Masera. Tukamweka kasuku pale juu ya magogo.

Na kasuku akanyamaza. Yule ndege mwenye maneno kuliko kapita alivimbisha manyoya, akaingiza shingo ndani, akafunga jicho moja na kutazama kuni kwa jicho la pili. Baridi ya Masisi ilimshinda. Tulimletea mahindi, tukamletea ndizi, Veronika akamwimbia kwa lugha ya kwao. Alikula na hakusema.

"Hata ndege yenu iko na haya!" Filomena alipiga makofi. "Muliona wapi? Bubu anafundisha bubu!"

Basi ikaamuliwa, na hakuna aliyeniuliza, kwamba kila siku baada ya kazi ya shamba mimi niingie chumba cha kuni nikae peke yangu na kasuku mpaka anijibu. Siku ya kwanza nilisema, "Yambo." Nilisema kwa chini hata mimi mwenyewe sikusikia. Ndege hakugeuka. Veronika alikuwa anasikiliza nyuma ya mbao.

"Konso! Kule kwetu mutu anaita mwenzake ng'ambo ya mto, na mto inalia. Na ndege imezoea vile. Pandisha sauti!"

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Ni ndege. Itaenda kukusema kwa nani?"

Nilicheka, na kicheko kile kilikuwa sauti ya kwanza kubwa kutoka kwangu katika chumba kile. Tangu siku ile nikaanza. Kwanza salamu. Zikiisha, nilisema katekismo, ulizo na jibu, mimi mwenyewe nikiuliza na mimi mwenyewe nikijibu. Halafu nikaleta kitabu cha kusoma. Kulikuwa na somo refu juu ya faida za ng'ombe, maziwa yake, ngozi yake, samadi yake, na somo lile nililisoma mpaka nikalijua bila kitabu. Kasuku aliinamisha kichwa upande, akanielekezea jicho moja la duara, kama mtu mzima asiyesikia vizuri na hataki kukiri. Nikaongeza sauti. Akainama zaidi. Nikaongeza tena.

Siku nyingine masomo yalikwisha na muda haujaisha, basi nilimwambia habari zangu. Nilimwambia juu ya baba na lile shamba, na juu ya mama na chungu chake. Sikuwahi kusema na mtu kwa urefu namna ile. Mpishi aliniambia baadaye kwamba alikuwa anazima redio ya kichwa chake, ndivyo alivyosema, ili anisikilize kupitia ukuta.

Lakini ndege hakunijibu hata neno moja. Na mtihani ukafika.

Asubuhi ile tulikusanyika chumba cha kuni, vidole vyetu vya kuume vimevimba, nywele zetu kama vichaka. Bakuli la maji ya kasuku lilikuwa pale. Alikuwa amekunywa nusu.

"Kunywa tu," Filomena alisema. Safari hii hakutania. "Maji iko maji."

Veronika alilishika bakuli kwa mikono miwili. "Apana. Haikujibu. Baba yangu alisema nini? Unataka asiseme hata jina lake?"

"Na asipokunywa atasema?"

Walinitazama. Nilitaka kunywa, nawaambia kweli. Koo langu lilikuwa kavu kama ganda la mahindi. Veronika akamwaga maji yale chini, juu ya maganda ya kuni, yakanywewa na udongo.

"Ni bora mudomo muzito kuliko mudomo wenye kufungwa," alisema. "Twende."

Siku ile sikuthubutu kunywa hata maji mengine, nisije nikachanganya mambo.

Inspekteri alikuwa Mupadri wa misioni ya mbali. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya Sake, jeep yake ilizama katika matope na yeye alisukuma pamoja na watu, akalala na nguo zenye maji. Alifika kwetu amejifunga shali shingoni, pua nyekundu, pamba masikioni, amejikunja ndani ya blanketi la Masera. Sauti hakuwa nayo. Alisema kwa mnong'ono tu, kama mtu anayeungama.

Kuandika tulimaliza vizuri. Mchana tukaketi kwenye mabenchi, naye mezani. Masera na mwalimu walikaa nje, kwa kuwa ilikatazwa mwalimu kuwa ndani. Inspekteri alinong'ona kwamba wanaotoka mbali waanze. Veronika akaitwa wa kwanza.

Hapa nawaomba mkumbuke tulivyolelewa. Mtoto wa kwetu, awe wa mlimani ao wa msituni, hapandishi sauti juu ya sauti ya mkubwa. Mkubwa akisema chini, wewe unasema chini zaidi. Ukipaza, ni kama umemsukuma. Basi inspekteri alinong'ona ulizo, na Veronika, Veronika yule aliyesema hata usingizini, akainamisha kichwa na kumjibu kwa mnong'ono mdogo kuliko wake. Alisoma ukurasa wote kama anayepuliza uji. Sisi nyuma tulimsifu moyoni kwa heshima ile. Inspekteri aliinama, akaweka mkono sikioni, akangoja. Veronika akaona amemkaribia, akashusha sauti tena kidogo. Kalamu ikapiga mstari. Akaja mwingine wa mbali, naye akanong'ona. Kalamu ikapiga mstari. Chumba kilikuwa kimya na kizuri kama kanisa, na hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunaanguka mmoja mmoja.

Halafu nikaitwa.

Miguu ilinifikisha mezani, sijui namna gani. Kitabu kilifunguliwa mbele yangu. Inspekteri alikuwa amejivimbisha ndani ya blanketi, shingo imeingia ndani. Akainamisha kichwa upande, akanielekezea jicho moja, la duara, lenye maji ya mafua. Na mdomo wangu ukafanya ulivyozoea katika chumba cha kuni. Ulifunguka na kusoma kwa nguvu zote, kama anayesoma kwa kiumbe asiyesikia na asiyetaka kujibu, na ukaendelea mpaka mwisho wa ukurasa, na ulipofika mwisho ukageuza ukurasa wa pili bila kuambiwa.

Nyuma yangu Filomena alisema, "Mama wee! Anamugombeza Mupadri!"

Nikanyamaza, nikaona nimeharibu. Inspekteri aliinua kichwa. Alitoa pamba katika sikio moja, akaniangalia, na uso wake ukafunguka.

"Sasa njo nasikia," alinong'ona. "Endelea, mwanangu."

Nikaendelea. Alipouliza nilijibu, na alipouliza tena nilijibu tena. Wote waliobaki nyuma yangu walipandisha sauti. Filomena alipofika zamu yake alisoma hata ng'ombe wakageuka kule chini, na mpishi akatoka jikoni na mwiko kuuliza nani ameumia. Wote sisi tulipita.

Waliotangulia hawakupita.

Tulijua jioni ileile, Masera aliposoma majina. Jina la Veronika halikusomwa. Alikuwa amesimama karibu nami, nikausikia mkono wake ukitafuta wangu. Na hapo nikafanya jambo ambalo mwaka mmoja kabla nisingelifanya hata kwa fimbo. Nilitoka katika mstari, nikaenda mpaka mbele, nikasema ili wote wasikie: "Masera, Veronika anajua kusoma kuliko mimi. Alisema chini kwa sababu Mupadri alisema chini. Ni heshima. Wamuulize tena."

Masera alikunja karatasi ya majina. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye jeep. Tuliwaona wakisema, yaani Masera anasema na inspekteri anatikisa kichwa. Alirudi na macho mekundu. Majina yalikuwa yametiwa sahihi, alisema, na mvua ilikuwa inakuja, na daraja la chini halikungojea mtu. Kwa Veronika kurudia mwaka kulikuwa bado kunaruhusiwa. Lakini tulijua sote kwamba baba yake hatamrudisha kutoka mbali namna ile mara ya pili. Alikuwa na wadogo, na mama yake alikuwa mgonjwa.

Bwenini wasichana walianza kunong'onezana, na kesho yake Filomena alilisema wazi, kwa kuwa hakujua kuficha kitu.

"Munaona? Ndege ilikuwa na maneno, lakini haikutoa yake. Ilikamata sauti ya Veronika, ikamupa Konso. Ju ya ile sababu njo Veronika alinong'ona."

Sikuweza kula. Niliogopa kumtazama Veronika, kwa maana mimi pia, usicheke, msomaji, mimi pia nilikuwa karibu kuamini. Yeye alikuwa anafunga vitu vyake katika blanketi. Alisimama, akanivuta sikio kama mama anavyomvuta mtoto.

"Kama iko sauti yangu," alisema, "basi usiilaze. Mimi sikuizoeza kulala."

Baba yake alikuja siku iliyofuata. Alisikiliza habari zote, akamtazama kasuku kwa hasira, akasema ni baridi yenu hii. Walishuka kilima katika ukungu, mzee na kapu mgongoni, Veronika nyuma na blanketi kichwani. Muda mrefu baada ya kutowaona tena nilimsikia bado. Alikuwa anamwambia baba yake jambo fulani, bila kupumzika.

Sasa mimi nina cheti. Sikuendelea mbele, mama aliugua mgongo na nyumba ilihitaji mikono. Lakini kwa cheti kile nafundisha watoto wadogo kusoma hapa Karuba, asubuhi, katika chumba cha kapela, kanisa letu dogo. Mbele ya watu wazima bado najificha nyuma ya wengine, na mchumba akija kuniuliza neno, dada yangu ndiye anajibu. Mbele ya watoto, sauti inatoka.

Na watoto wa sasa, ndugu zangu! Wana kalamu inayobeba wino tumboni mwake. Wana viatu, basi kidole chao hakijui jiwe. Wavulana wanapaka nywele mafuta ya brilantini siku ya mtihani, utafikiri wanakwenda kuuoa. Wananunua Goma unga mweupe katika kichupa, eti unafungua kichwa. Niliunusa unga ule: ni muhogo. Wanakula mayai asubuhi ya mtihani bila kutetemeka, na wanafagia mpaka nje, na wanapita, wengi wao. Inspekteri, akiwa Mupadri, akisema chini wanamwambia, "Mompere, hatusikii." Wanamwambia hivyo usoni, wamesimama wima. Mara ya kwanza nilipowasikia nilitaka kuwapiga kwa kukosa heshima. Halafu nilikwenda nje, nikasimama nyuma ya kapela kidogo, nikawaacha waseme.

Wakati ule tulikuwa na sheria nyingi, na karibu zote zilikuwa za bure, na moja tuliyoifuata bila hata kuiita sheria ndiyo iliyotuangusha. Lakini tuliogopa pamoja. Hakuna mmoja wetu aliyechechemea peke yake.

Ninyi mliosoma zamani zile, kwenye milima ao kule msituni, mlifanya nini kabla ya mtihani? Mniandikie kwa njia ya gazeti hili. Mwandiko mbaya haunisumbui, mmeona wangu. Na kama kuna msomaji upande wa Walikale anayemjua mwanamke aitwaye Veronika, binti wa mwindaji, aliyesoma kwa Masera na aliyependa kusema, namwomba amsomee karatasi hii, ao ampe aisome mwenyewe, maana anajua. Asome kwa nguvu. Kisha aniandikie, hata neno moja.